Kompyuta Imewaka, Usipige Simu Lodwar

Kwako Wakesho, binti wa nyumba hii na fundi wake wa pekee,

Kwa taadhima kubwa, na baada ya kushauriana na nafsi yangu kwa kirefu, nawatangazia wakazi wote wa boma hili, wakiwemo mama yako, paka, na wale kuku walionusurika Krismasi, kwamba leo asubuhi kompyuta ya sebuleni imewaka. Sisemi imewaka kwa kubembelezwa. Imewaka kama kijana aliyeitwa kula. Nimebonyeza kitufe, nikageuka kutafuta miwani, na nilipogeuka tena nikaikuta imeshafika, inaniuliza nywila. Wageni waalikwa watajulishwa. Hotuba zitakuwa fupi, isipokuwa yangu.

Haya, sherehe imekwisha. Sasa nisikilize kabla sijaanza kuzunguka mbuyu kama kawaida yangu: usipige simu Lodwar.

Asubuhi, mlipokuwa mkitoka na mama yako kwenda Werugha kumuaga nyanya yako, ulisimama pale mlangoni ukasema, "Baba, nikirudi naijaribu mara ya mwisho. Ikikataa napigia wale wa maabara kule Lodwar niwaombe wiki moja. Siwezi kukuachia mashine inayokufa."

Nami nikakujibu, "Haya, tutaona."

Haya, tutaona! Mwalimu mzima, mwenye ndevu nyeupe mbili tatu, hilo ndilo jibu nililokuwa nalo. Wale watu wa hospitali walikuandikia wazi kwamba asiyeripoti Jumatatu nafasi yake anapewa anayefuata. Na sote katika nyumba hii tunajua umekaa muda gani tangu umalize chuo, ukingojea nafasi ya maabara kama hiyo. Tangu mshuke ile barabara nimekuwa nikitembea kutoka jikoni hadi dirishani, kutoka dirishani hadi jikoni. Kuna ile njia nyekundu iliyochimbika sakafuni, mama yako akiuliza mwambie ni yangu. Nimekupigia simu mpaka yule mwanamke anayesema hupatikani nimeanza kumwona jamaa. Kule juu ukungu ukishuka hata mtandao unajifunika blanketi. Na mimi nawaza: je, kama Wakesho ameona kilima kimoja chenye mtandao, akasema ah, acha nimalize jambo hili kabisa, akapiga?

Ndiyo maana nimekaa kuandika. Mkono ukiandika miguu inatulia.

Sitakuandikia habari za neti, wala maji ya kuchemsha, wala kutochezea simu dirishani gari linaposimama stendi. Mama yako ameyasema hayo wiki nzima, na ameyasema vizuri, mara nyingine wewe ukiwa bafuni na yeye akiwa nje ya mlango. Nikiyarudia utasema huyu mzee ananakili. Mimi nimebakiwa na yale ambayo mtu hawezi kuyasema huku akitazamwa usoni.

Nianze na koti.

Siku niliyoondoka nyumbani kwenda chuo cha ualimu nilikuwa nimevaa koti la kuazima, mabega yake yamefika kabla yangu. Rafiki zangu wawili walikuwa wamekuja kunisindikiza, nami nilikuwa nimejipaka mafuta mpaka nywele zinateleza. Nyanya yako, wakati ule bado ana nguvu za kupanda na gunia la viazi kutoka bondeni, akanisimamisha uani. Akachukua kibuyu cha maji. Nikajua hapa ni kutasa, nikaona haya mapema.

Wewe umeona kutasa kwake tangu ukiwa mdogo. Mzee huchukua maji kinywani, akayapuliza juu ya mtoto, akamwombea njia. Lakini nadhani nyinyi watoto mlikuwa mkiangalia maji tu, maana ndiyo yanayochekesha. Kabla ya maji kuna maneno, na maneno yale si ya baraka hata kidogo. Mzazi hutaja kwanza kila alichomkasirikia mtoto. Akikibana moyoni kisha abariki juu yake, wazee walisema, hasira ile nayo hupanda gari.

Basi nyanya yako akaanza, sauti ya kusikika hadi kwa jirani. "Nilimkasirikia huyu kwa sababu ya yule mbuzi." (Mambo ya mbuzi muulize yeye.) "Nilimkasirikia aliponijibu mbele ya mchungaji. Na leo nimemkasirikia, kwa sababu anaondoka na hata hajalia, utafikiri anaenda dukani." Rafiki yangu mmoja akacheka, akajifanya anakohoa. "Sasa nimetema. Hakuna kitu tena." Na fuu! Maji yote kwenye koti la watu.

Tulipofika njia panda nikalipangusa lile koti kwa kitambaa nikawaambia wenzangu, "Wazee, bwana." Nilijiona nimeelimika. Na sikuwa hata nimeanza kusoma.

Miaka imepita, mwanangu, na sasa naona yule mama alinipa kitu ambacho mimi nimeshindwa kukupa wewe wiki hii yote. Aliniacha niende nikijua kila kitu kilichokuwa moyoni mwake. Sikuwa na haja ya kukaa darasani nikijiuliza, mama alimaanisha nini aliponyamaza. Hakunyamaza. Aliniaibisha, na safari ikawa nyepesi. Mchungaji wetu wa sasa niliwahi kumuuliza kuhusu jambo hilo, akasema yeye hana neno na maji, shida yake ni wale wanaobariki na huku wamenuna.

Sasa nakuja kwa tembo.

Hii hujawahi kuisikia, na ukimuuliza mama yako atacheka mpaka ashike ukuta. Kabla hujazaliwa, nikiwa bado mkwe mpya wa kujionyesha, nilikwenda Kasigau kwa kina mama yako wakati mahindi yameanza kubeba. Tembo walikuwa wakishuka. Kila mwanamume alipewa zamu, na mimi, nikitaka kuonekana, nikaomba ya alfajiri, ile ngumu. Nikakabidhiwa debe la kupiga ili kuwafukuza, na tochi. Nikaliegemea debe kidogo ili nilizoee. Kulipopambazuka tembo walikuwa wameingia upande wangu, wamekula, wamekanyaga, wameondoka bila hata kuniamsha. Babu yako mzaa mama baadaye alisema hawajawahi kuona tembo wenye heshima vile kwa mgeni.

Lakini hiyo ni baadaye. Asubuhi ile walipouliza imekuwaje, nilisema uzio wa upande wa jirani ulikuwa umelegea. Nikaelekeza hata kwa kidole. Basi wazee wale, wenye mashamba yaliyobaki ya kupalilia, wakaanza kuukagua uzio wa jirani nguzo kwa nguzo. Wakakaza nyaya ambazo hazikuwa na kosa. Wakabadilisha nguzo nzima. Jirani akaombwa maelezo, akatoa maelezo, masikini, ya jambo asilolijua. Mimi nikiwa nao, nimeshika nyundo, nawaongoza. Mama yako akaleta uji. Akanitazama, kisha akanitazama shavu, akaenda kuchota maji. Shavuni mwangu mistari ya lile debe ilikuwa imechapwa kama muhuri.

Hakunisema. Lakini mpaka leo nikimwambia nimechunguza jambo kwa makini, hunitazama shavu.

Nakuambia haya kwa sababu huko uendako utafanya kazi na watu, na katika maabara, ulivyonieleza, sampuli ikiharibika kuna yule anayesema "niliiangusha mimi" na kuna yule anayenyoosha kidole kwa uzio. Ukikutana na wa pili usimchukie sana. Ni mtu mwenye shavu tu. Ila usimfanye mwenzako wa zamu.

Najua unasoma huku unasema, "Dad, ingia kwa point." Naingia. Nahofia tu kwamba nikiingia haraka nitatokea upande wa pili bila kusema kitu.

Tuzungumze juu ya hii mashine.

Unakumbuka ilivyokuja hapa, imestaafu katika ofisi fulani Mombasa, imechoka kuliko mimi. Kila mwalimu shuleni kwetu alikuwa akiniletea flashi nimchapie mtihani, na kila flashi ilikuja na magonjwa yake, mpaka ikawa ukifungua faili moja yanafunguka mengine hujayaita. Ukarudi likizo ukaitazama, ukasema, "Baba, nitakuwekea Linux."

"Itauma?"

"Haitauma."

Haikuuma. Ukaitia diski mpya, ndogo, ya mwendo kasi, ndiyo ya kuwashia. Ile diski kuukuu ukaiacha ndani kwa ajili ya picha na mambo ya zamani, ambayo hakuna anayeyafungua ila Krismasi. Na kwa kuwa mpya ilikuwa ndogo, ukatenga kipande cha ile kuukuu, mahali ambapo mashine hupumzishia mizigo kumbukumbu yake ikijaa. Ulinieleza hayo yote ukinichorea kwenye bahasha. Ukanieleza na hili: kwamba asubuhi kabla haijafungua mlango, mashine husoma maagizo ya diski zipi iziamkie kwanza. Niliitikia kwa kichwa kama wanafunzi wangu wanavyoitikia sehemu za desimali.

Tangu siku hiyo mafundi wote wa mjini wanaiona kama mtoto wa kambo. "Mwalimu, hii ni kitu gani? Wacha nikuwekee Windows, uwe kama watu." Kwa hivyo nakuelewa ulipoogopa. Wewe ndiye uliyeileta hiyo Linux, wewe ndiye unayeijua, na alama za watoto wa shule ziko ndani yake. Ilipoanza kuchelewa wiki iliyopita, picha ile ya duara inazunguka, inazunguka, mpaka mtu anasahau alitaka kuandika nini, uliona ni deni lako.

Nilikuangalia jioni zile zote. Nataka ujue nilikuwa nakuangalia. Ulivyovuta kigoda ukakaa, mguu mmoja umekunjwa chini yako kama ulivyokaa ukiwa darasa la tatu. Jioni ya kwanza ulizima programu zinazoamka pamoja nayo bila sababu: ya printa ambayo hatuna, ya kusaka vifaa vya bluetooth ambavyo hatuna. "Baba, hii nyumba ina wafanyakazi wengi na hakuna kazi." Ukaiwasha upya. Ikachelewa vilevile.

Jioni ya pili ukaandika ile amri, *systemd-analyze blame*, ukaniambia neno la mwisho maana yake ni lawama. Nikakuambia hatimaye nimepata kompyuta inayofanana na baraza la walimu. Ukacheka, ukanisukuma begani. Ikatoka orodha ya kila huduma na muda iliouchukua kuamka. Juu kabisa ilikuwa ile inayosubiri mtandao. Ukaizima. Tukaokoa sekunde kadhaa, tukapongezana. Lakini ile dakika na ushei iliyobaki haikuwa na mwenyewe.

"Si kawaida," ukasema. "Zote hizi ukizijumlisha hazifiki. Kuna kitu kinasubiriwa na hakimo humu."

"Labda kina aibu," nikasema.

Ukabonyeza kitufe cha Esc inapowaka, ile picha ya duara ikaondoka na nyuma yake yakatokea maandishi. Mstari mmoja ulikuwa ukihesabu: inasubiri diski, kisha tarakimu na herufi ndefu kama namba ya injini. Ukasogea hadi pua ikaribie kioo. "Inasubiri diski. Lakini diski ndiyo hii, si ndiyo imewaka nayo?" Kisha ukasema kwa ile sauti yako ya hospitali, "Baba, nadhani diski inakufa."

Ndipo ukaniuliza. Nitafika hapo. Nipe nafasi.

Mwende wa Maungu alipiga simu jioni hiyohiyo. Mlipaswa kusafiri pamoja Jumatano: treni hadi Nairobi, basi la usiku hadi Kitale, kisha ile barabara ndefu ya joto. Wote wawili kituo kimoja, wote wageni. Hujui nililala vipi usingizi mtamu siku niliyosikia mnaenda wawili. Nikawaza, mmoja akisinzia mwenzake ataangalia mabegi. Nikamsikia Mwende kwenye spika, "Wewe, wacha kompyuta ya buda, twende!" Buda ndiye mimi. Nawe ukasema, "Enda tu, nitakufuata." Akaenda. Kesho asubuhi unapanda peke yako.

Nimetazama ramani ya njia hiyo kwenye kompyuta iliyopona, na nimejuta kuiponya. Kati ya Kitale na Lodwar kuna sehemu ambazo ramani yenyewe imeishiwa la kuandika. Nimehesabu kila mahali unapobadilisha gari, na kila mahali nimekuwekea mtu mbaya amesimama. Huo ndio ugonjwa wangu, unaujua. Ulipokwenda kambi ya shule pale Mwatate, mwendo wa kutupa jiwe, niliwapigia walimu mpaka mmoja akaniambia, "Mwalimu, sisi pia ni walimu." Mtu mwenye hofu, mwanangu, ni msumbufu, na mbaya zaidi anajidhani mlinzi. Nimeishi miaka yote hiyo nikidhani hofu yangu ni aina ya upendo inayofanya kazi ya ziada. Wiki hii imenionyesha inaweza kufanya kazi nyingine pia, chini kwa chini, huku mimi nikinywa chai.

Kama utachukua kitu kimoja kwangu chukua hiki, na ukikiona ni cha kizee kiache mezani: ukiogopa, sema "naogopa". Usiivalishe nguo. Mimi yangu niliivalisha utani, na utani unanikaa vizuri, kila mtu husema. Watu wakicheka hakuna anayeuliza.

Kama ile siku uliyokataa kazi ya Voi. Rafiki yangu alikuwa amekutafutia nafasi katika kliniki pale mjini, unaenda kwa miguu, unarudi kula mchana. Ukamsikiliza kwa adabu, ukamshukuru, na alipoondoka ukaniambia, "Baba, Voi naijua yote. Nataka kujua kama naweza mahali ambapo hakuna anayejua mimi ni mtoto wa mwalimu." Nikasema, "Haya, nenda ukawe mtoto wa ngamia." Tukacheka wote watatu. Mama yako alicheka. Wewe ulicheka. Mimi nilifungua kinywa sauti ikatoka.

Sikuwa nacheka. Nilikasirika, Wakesho. Nilikasirika kama mtu aliyepigwa mlango usoni. Niliona umeiangalia nyumba hii, kilima hiki, vumbi hili, na mimi katikati yake nimesimama na miwani yangu, ukaona vyote vinajulikana, basi. Sikuwa na haki. Hukukosa adabu. Lakini hasira haiombi ruhusa. Niliikalia, nikatoa utani juu yake, ikaendelea kuiva huko chini.

Wenye desturi yetu wangesema hapo ndipo kutasa kulipaswa kufanyika. Ningekuambia siku ileile: nimekukasirikia. Ungenijibu, tungenuniana hadi Jumapili, yakaisha. Badala yake nikaendelea kuwa mcheshi.

Basi, imebaki hii moja. Nimeinua kalamu mara kadhaa kuangalia kama mnakuja. Hamjaja. Na ninaandika vizuri zaidi mkiwa hamjaja, kwa hiyo acha niseme ilivyokuwa, bila mapambo.

Jumamosi ile ya wiki iliyopita, ulipokuwa sokoni, niliifungua kompyuta kuisafisha. Unajua vumbi la Voi, linaingia hata kwenye yai. Nikatoa kifuniko cha pembeni, nikachukua pampu ya baiskeli, nikapuliza mpaka sebule ikawa nyekundu. Ili pampu ifike nyuma, nikachomoa waya wa ile diski kuukuu. Nikapuliza, nikaridhika na kazi yangu, nikafunga kifuniko kwa skrubu moja, zile nyingine ziliviringika chini ya kabati. Waya nikausahau. Hadi hapo ni uzee tu, sina cha kukuficha.

Mashine ikaanza kuchelewa siku hiyohiyo. Sikuunganisha mambo. Nilidhani imeudhika.

Jumanne mchana nilikuwa natafuta zile skrubu. Nimepiga magoti, shavu liko sakafuni, nikaona kifuniko kimeachama na ndani waya unaning'inia. Nikaelewa papo hapo. Ile bahasha uliyonichorea ikanirudia yote: ile diski ina kile kipande cha kupumzishia mizigo, mashine imeagizwa iamkie diski hiyo kabla ya kufungua mlango, na diski haiitikii. Basi inasubiri, inasubiri, inakata tamaa, ndiyo inawaka. Na ile orodha yako ya lawama isingemtaja mkosaji huyo hata siku moja, kwa sababu inawataja waliofika wakiwa wamechelewa. Asiyefika kabisa haitaji.

Nilikuwa na waya mkononi. Nafasi yake iko pale, upana wa kucha. Ndipo nikakusikia mlangoni ukimwambia mama yako, "Nadhani sitaenda na Mwende kesho. Siwezi kumwachia Baba hii kitu hivi."

Nikafurahi.

Hiyo ndiyo aibu yenyewe, si waya. Kabla sijawaza neno lolote, kifua changu kilifurahi. Nikauachia waya ule ukaning'inia tena, nikainuka, nikapangusa magoti.

Na jioni, ulipokwisha kusema diski inakufa, ulinigeukia ukauliza, "Baba, uliposafisha, uligusa nyaya zozote ndani?" Ulikuwa tayari umeshika bisibisi. Ungefungua ungeona. Nikasema, "Nilipuliza vumbi tu. Ndani nimekagua mwenyewe, kuko sawa." Ukaiweka bisibisi chini. Hukuniuliza mara mbili, kwa sababu ni mimi niliyesema. Ukaendelea kutafuta kosa mahali ambapo hakukuwa na kosa, siku ile, na kesho yake, na jana, na Mwende akaenda peke yake, na mimi nikikuletea chai. Zile jioni zote ulizokaa kwenye kigoda nikikuangalia, nilikuwa nimekuibia.

Leo uliposema utapiga simu Lodwar ndipo niliposhtuka kuona ninakokwenda. Nilisema "haya, tutaona" kwa mdomo ambao bado ulikuwa unajaribu. Mlipopotea kwenye kona nikafungua kifuniko, nikauchomeka waya. Mashine ikawaka. Hakukuwa na ufundi wowote.

Kwa hivyo hii barua sikuwekei kwenye begi uikute Lodwar. Nakupa ukiingia tu, kabla hujavua viatu. Ukasirike hapahapa, nikiwepo. Ukitaka kunifokea, mama yako aondoe kuku. Kesho asubuhi, ukiniruhusu, nitachukua maji nami, nikutasie pale uani kabla ya kwenda stesheni, lakini maneno ya kwanza ndiyo haya niliyoandika, na nitayasema tena kwa sauti hata jirani asikie: nilimkasirikia mwanangu kwa sababu anaweza kwenda. Diski haikuwa inakufa. Aliyekuwa akichelewesha ni mimi.

Baba yako